Spika za Kusikilizia Kimvita

Chumba ninamosikilizia kaseti za taarabu kiko Kisauni, na urefu wake ni mita 3 tu. Hunukuu humo tungo alizoziimba Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Anukuuye Kimvita sharti ausikie mpumuo unaomtenga paa wa mwituni na paa la nyumba, na aitambue t ya meno mbali na t ya ufizi. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti hizo. Sikio ndilo hakimu.

Kwa hiyo muuzaji aliponisifia besi, "Hii itatikisa mabati, ndugu yangu," sikushawishika. Ya nini kutikiswa mabati yangu? Katika urefu wa mita 3, sauti nzito ya mitetemo kama 57 kwa sekunde hugonga ukuta, ikarudi na kujikuza yenyewe, hata maneno yakamezwa na mvumo. Nilichagua spika mbili ndogo, koni ya inchi 5 na twita juu yake, maana mpumuo hukaa katika sauti nyembamba. Nikaziweka mbali na pembe za chumba, twita zikilingana na masikio yangu niketipo.

Amplifaya ya wati 20 yatosha. Kuzidisha wati maradufu huongeza desibeli 3 pekee, nazo ni chache kwa sikio. Fedha iliyobaki ilinunua zulia na pazia zito, kwani kuta tupu zina mwangwi mkali. Mvua inyeshapo juu ya mabati, nasimamisha kaseti.