Kwa Miguu hadi Kanyaruchinya

Watu wengi huniuliza kwa nini mwalimu mwenye nauli ya pikipiki aende kwa miguu kutoka mjini Goma hadi Kanyaruchinya, kilometa 10 hivi za kupanda, kisha arudi vile vile. Wengine hudhani nimeweka nadhiri. Wengine husema mshahara umechelewa, wala siwalaumu, maana mishahara ya walimu twaijua sote. Lakini sababu yenyewe haina siri: mimi na wenzangu wa mtaa twatembea ili tupungue uzito, tusife kabla ya wakati.

Kwetu neno hilo la kupungua lina sifa mbaya. Mwenye kitambi hupewa kiti cha mbele arusini, na watu husema mkewe ajua kupika. Aliyekonda huulizwa kama anaumwa. Wala si ajabu: katika miaka ya 1980, UKIMWI ulipoenea upande wa Uganda, watu waliuita kwa jina lenye maana ya wembamba, na tangu siku zile kukonda kumetutia hofu. Basi baba akipanda mizani na kusoma kilo 94, hushuka akitabasamu. Nilikuwa mmoja wa hao mababa.

Mwenzangu, mwalimu wa hesabu, alikuwa na miaka 46. Asubuhi moja, akiandika ubaoni, chaki ilimponyoka. Akainama aiokote, asiweze. Wanafunzi walicheka, wakidhani awafanyia mzaha. Kumbe kilikuwa kiharusi. Alipopimwa akakutwa na shinikizo la damu kubwa mno, ambalo pengine alikuwa nalo miaka mingi, kwa kuwa ugonjwa huo mara nyingi hauumi wala haupigi hodi. Yu hai, Mungu ashukuriwe, lakini mkono wake wa kuume haushiki tena chaki. Wiki tatu baadaye tulikuwa watu sita barabarani. Sasa ni miezi minane, nasi tumepita thelathini, wengi wetu wakiwa akina mama.

Hatukubuni jambo jipya. Ng'ambo ya mpaka, mjini Kigali, tangu mwaka 2016 ziko siku ambazo magari huzuiwa katika barabara kadhaa, watu wakatembea na kukimbia, na wapendao wakapimwa sukari na shinikizo la damu bila malipo. Desemba ya mwaka huo huo, huko Tanzania, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Na tangu zamani wako mahujaji waendao Namugongo kwa miguu, siku nyingi njiani, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Hao hawafuati kupunguza kitambi, nami sipendi kuchanganya sala na mizani. Ila walijua mapema jambo ambalo sisi tulifundishwa na miguu yetu: aendaye peke yake hugeuka nyuma mvua ya kwanza, mwenye wenzake huona haya kugeuka.

Sasa niseme juu ya njia yenyewe, maana si njia ya matembezi tu. Ni barabara ya Rutshuru. Mbele yako wauona mlima Nyiragongo, na chini ya miguu ni mawe meusi uliyoyatapika. Tarehe 22 Mei 2021 moto wa mlima uliikata barabara hii, na siku chache baadaye maelfu ya watu wa Goma wakaamriwa kuhama, wakatembea mpaka Sake na mizigo kichwani. Kanyaruchinya nako kulikuwa na kambi ya wakimbizi mwaka 2012, na tena tangu 2022, watu wa Rutshuru na Kibumba wakilala katika vibanda vya turubai juu ya mawe hayo, mpaka kambi zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025. Huku vijana wa chukudu washuka kutoka Kibumba na magunia, wakijishika kwenye mteremko kama wapanda farasi. Wote hao barabara imewatembeza sana, wala hakuna aliyewauliza kama wapenda mazoezi.

Siku moja tulifika tukitokwa na jasho, tukasimama mbele ya mama auzaye viazi. Alikuwa amekaa kambini miaka miwili. Akatuuliza twafuata nini. Mwenzetu mmoja akajibu kwa furaha, "Twafuata kupungua, Mama." Yule mama akatutazama mmoja mmoja, akacheka sana, kisha akasema, "Sisi tulikonda hapa hapa, na hakuna aliyetupima."

Tulirudi kimya. Wiki ile wengine walitaka tubadili njia, tutembee kando ya ziwa, ambako hakuna wa kutuonea haya. Mimi nilikataa, na nakataa hata leo. Kuificha shibe yetu hakumlishi mwenye njaa. Tukakata shauri kwamba kila mtu aje na pesa ambayo angalimpa mwenye pikipiki, anunue kabichi, karoti au viazi vya Kibumba, abebe mwenyewe mpaka nyumbani. Yule mama sasa hutungoja. Hutuuzia ghali kidogo, huiita bei ya wanene, na akikosa kumwona mmoja wetu huuliza kwa ukali yuko wapi.

Kuhusu mizani, ukweli ni huu: miguu haiishindi sahani. Mtu mzito akitembea kwa kasi saa nzima huunguza kalori kama 300, na chupa kubwa ya bia huzirudisha kabla jasho halijakauka. Mimi nimepungua kilo 7, na nyingi za hizo naudai ugali uliopunguzwa. Lakini shinikizo la damu la wengi wetu limeshuka, na usingizi umekuwa mzuri. Tena siku moja kwa juma haitoshi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo kila juma, zikigawanywa katika siku. Kwa hiyo Jumatatu hadi Ijumaa twaenda kazini kwa miguu. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa sukari au wa shinikizo la damu na amwone mwuguzi kwanza, asiache dawa zake, na majuma ya mwanzo aishie Munigi.

Twaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Wenye mwendo wa polepole hutangulia, nao ndio watupimiao hatua. Vijana hukaa nyuma, wapende wasipende. Viatu viwe vya soli nene, maana mawe yale hukata, na kila mtu aje na mfuko wake wa kabichi.