Beba, Bebe

Siku niliyohamia kwake, huko Sevilla, mwenye nyumba wangu alinipa amri moja: "Tutéame." Yaani nisimwite usted, ambayo ni wewe ya heshima, nimwite tú, wewe ya watu waliozoeana. Yeye alikuwa na miaka 81, mimi 25. Nilikuwa nimetoka Tanga kusoma shahada ya uzamili, na kwetu mtu wa umri ule humwambii neno kabla ya shikamoo. Nikaitikia sawa, kisha nikaendelea na usted yangu.

Jioni, kwenye darasa la lugha, tulifundishwa kuamuru. Kwa vitenzi vya -ar kanuni ni nyepesi. Hablar ni kusema: kwa tú unasema habla, kwa usted, ile a inageuka e, hable. Nilifurahi, maana ni kama kwetu: sema ni amri, useme ni upole, na heshima imekaa kwenye e ya mwisho. Kisha vikaja vitenzi vya -er na -ir, mambo yakapinduka. Comer, kula: kwa tú ni come, kwa usted ni coma. Beber, kunywa: kwa tú ni bebe, kwa usted ni beba.

Beba! Nilicheka peke yangu, mwalimu akanitazama asielewe.

Julai ikafika. Joto la Sevilla mwezi huo hupita nyuzi 40. Mwenye nyumba alifunga madirisha yote, akakaa kwenye kiti chake gizani, na maji hataki. Wazee hawasikii kiu kama vijana. Nikampelekea glasi. "Beba, por favor."

"Luego," akajibu. Baadaye.

Jibu hilo nililijua. Bibi yangu, miezi yake ya mwisho, alinijibu hivyo kila nilipompelekea uji. "Bibi, naomba unywe kidogo." "Baadaye, mjukuu wangu." Nami naweka kikombe mezani, naenda zangu, kwa kuwa mkubwa haamrishwi. Shangazi alipokuja kutoka Muheza, aliketi kitandani, akamwinua kichwa, akasema, "Mama, kunywa." Bibi akanywa. Sisemi uji ungemponya. Nasema tu kwamba kuomba mara moja na kuondoka kulikuwa rahisi kuliko kuketi pale, na urahisi huo niliuita adabu.

Siku ya tatu ya joto, midomo ya mwenye nyumba ilikuwa imekauka, na alichelewa kunijibu hata nilipomwita. Beba niliyokuwa nikimwambia, kwa lugha yangu, ni neno la kumtwisha mtu mzigo. Nikapiga magoti kando ya kiti, nikamwekea glasi mkononi na mkono wangu juu ya wake.

"Bebe," nikasema.

Akageuza uso, akanitazama kwa muda. "Por fin," akasema. Hatimaye. Akanywa nusu, akataka kuiweka chini.

"Bebe."

Akamaliza. Sikuondoka. Baada ya kitambo akaninyooshea glasi tupu. "Llena," akaniamuru. Llenar, kujaza, kitenzi cha kawaida, kwa tú.

Nikajaza.