Barua ya Kurasa 33

Mwaka 1938, katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani, wakili mmoja aitwaye Beamon Triplett alimsomea karani wake maneno ya kuandika. Habari zenyewe hazikuwa za kesi. Zilikuwa habari za mwanawe Donald, mtoto wa umri wa miaka kama mitano. Barua ilipokwisha ilikuwa na kurasa 33 za taipu, nayo ilipelekwa Baltimore kwa Leo Kanner, tabibu wa maradhi ya akili ya watoto katika Johns Hopkins, ambaye hakuwa amepata kumwona mtoto huyo.

Mtu angetazamia kuwa wakili akimsemea mwanawe atasihi na kulalamika. Baba huyu alichagua kazi ngumu zaidi, nayo ni kushuhudia. Alieleza kuwa mtoto alipokuwa na mwaka mmoja aliweza kuimba nyimbo nyingi bila kukosea sauti. Kuwa upesi alizijua herufi kwa kwenda mbele na kwa kurudi nyuma, akahesabu mpaka 100. Alieleza pia kuwa mtoto huyo mwenye kumbukumbu ya ajabu hakujali baba yake alipoingia nyumbani, wala hakulia mama yake alipotoka. Kuwa furaha yake ilikuwa kuachwa peke yake akizungusha sufuria na kila kitu cha duara sakafuni, na kuwa alighadhibika vikali alipozuiwa.

Katika habari zilizotoka kwa wazazi hawa, lipo jambo la neno "ndiyo". Baba alitaka kumfundisha mwanawe neno hilo, akamwambia kuwa akisema "ndiyo" atabebwa begani. Mtoto alisema, akabebwa. Tangu hapo "ndiyo" kwake ilikuwa na maana moja tu: kutaka kupandishwa begani kwa baba. Ilipita miezi kadha kabla neno halijatengana na bega. Mgeni aliyelisikia neno hilo angalidhani kuwa mtoto anajibu ovyo. Ni mzazi peke yake aliyejua kuwa hapana uovyo hapo, bali neno limeshikwa kwa uaminifu kupita kiasi cha kawaida. Vivyo hivyo Donald alijiita "wewe", na aliyesema naye akamwita "mimi". Kwa nini asifanye hivyo? Kila aliyemsemesha alimwita "wewe", naye akalishika kama jina lake.

Kabla ya barua hiyo, mwaka 1937, wazazi walikuwa wamefuata ushauri wa matabibu wakamtia mtoto katika nyumba moja ya kutunzia watoto, mbali na kwao. Alikaa muda wa mwaka mmoja hivi. Walipokwenda kumchukua, mkubwa wa nyumba hiyo aliwasihi wamwache, akisema kuwa mtoto anaendelea vizuri. Walikataa. Wakaomba waandikiwe habari za mwenendo wake kwa muda wote aliokaa pale. Walichopewa hakikuzidi nusu ya ukurasa, pamoja na kisio kwamba huenda mtoto ana ugonjwa wa tezi. Msomaji na aziweke kurasa hizi katika mizani mwenyewe: nusu moja upande huu, 33 upande wa pili.

Mwaka 1943 Kanner alitoa makala yake mashuhuri juu ya watoto 11, akaeleza hali ambayo kwa Kiswahili cha leo huitwa usonji. Wa kwanza katika makala hayo ni Donald. Tabibu alikiri kuwa barua ya baba ilimpa maelezo mazuri sana ya mtoto, walakini akaongeza kuwa imejaa mambo madogo madogo kama ya mtu asiyeweza kujizuia. Maneno hayo ni mafupi, tena hayana adabu sana kwa mtu aliyefaidi hayo madogo madogo. Bila ya hayo asingalikuwa na mengi ya kuandika.

Katika makala yale yale alisema kuwa watoto hawa huzaliwa na upungufu wa kushikamana na watu. Lakini alisema pia kuwa wazazi wenye moyo mkunjufu kati yao ni wachache, na mwaka 1949 aliwafananisha watoto na vitu vilivyowekwa katika jokofu. Hapo shahidi aligeuzwa kuwa mshitakiwa. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alitoa kitabu kizima kilichowatupia mama lawama hiyo, na wasomi wengi wakakipokea kwa heshima. Mama aliyempeleka mwanawe kwa tabibu alirudi na mzigo wa pili: akisema mengi, ni dalili ya ubaridi wake, akinyamaza, ni dalili vile vile.

Aliyeianza kazi ya kuuvunja uzushi huu kwa hoja alikuwa mzazi, Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia katika jeshi la majini. Kitabu chake cha mwaka 1964 kilipima ushahidi wote uliokuwapo, kikaonyesha kuwa asili ya usonji imo katika mwili, si katika mapenzi ya mama. Mwaka uliofuata yeye na wazazi wenziwe waliunda chama cha taifa, na mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa chama hicho akatamka kuwa wazazi hawana hatia.

Ama Mary, mama yake Donald, huyo aliyehesabiwa katika kundi la wazazi baridi, hakungoja kutakaswa. Mwaka 1942 alimpatia mwanawe makao kwa mkulima mmoja na mkewe, karibu na nyumbani, watu wasiokuwa na elimu ya kitabibu. Donald alipopenda mno kupima vitu, walimtuma kuchimba kisima na kutoa habari ya kina chake. Alipopenda kuhesabu, walimwacha ahesabu safu za mahindi huku akilima kwa plau. Alisoma shule ya kawaida, akamaliza chuo mwaka 1958, akawa karani katika benki ya ukoo wa mama yake.

Si haki kuificha benki hiyo. Kanner alipowafuatia watoto wake 11 mwaka 1971, aliona kuwa waliotiwa katika nyumba kubwa za serikali walikuwa wamepoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho, na si kila mama alikuwa na baba mwenye benki. Kwa hiyo wazazi waliungana na wengine kudai sheria, na mwezi Novemba 1975 Rais Ford alitia saini sheria iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya kufundishwa katika shule za umma bila malipo. Siku hiyo Donald alikuwa na umri wa miaka 42. Alikuwa na gari lake, alikuwa akicheza gofu, na katika mji wa Forest watu walimjua kwa jina, naye aliwajua wengi kwa namba alizowapa mwenyewe.