Saa Ianzayo Magharibi

Siku ya Kiislamu huanza jua linapokuchwa, na Kiswahili nacho huhesabu vivyo hivyo: saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya machweo. Hata dola ya Uthmaniyya iliziweka saa zake kwenye 12 kila Magharibi, hadi Uturuki ilipouacha utaratibu huo mwaka 1926. Lakini saa za kidijitali tunazonunua madukani huanza siku usiku wa manane.

Kwetu jambo hili lilikuwa dogo mpaka mama yetu alipoanza kusahau. Aliamka kiza kikiwa kizito, akaona saa imeandika 2:00, akajua ni saa mbili za usiku. Akavaa buibui aende kumjulia hali jirani. Tulimkuta barabarani peke yake, saa nane. Kwa hesabu aliyolelewa nayo, hakukosea.

Tukajiuliza sisi wanawe: ni saa gani ambayo Mama hajaisahau? Tukaukumbuka ua wa nyumba tuliyokulia. Kila alasiri mwanga wa jua uliupanda taratibu ukuta wa mashariki. Ulipofika kwenye msumari wa ungo, Mama aliinjika chai. Ulipoishia juu kabisa, alituita tutie udhu.

Basi tukabuni saa isiyo na tarakimu: ubao mrefu uliosimamishwa ukutani, wenye taa ndogo 12, unaoendeshwa na kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Programu yake hukokotoa macheo na machweo ya Mombasa kwa kila tarehe, ikaugawa mchana mafungu 12 na usiku mafungu 12. Kwa kuwa tu karibu na ikweta, kila fungu halipishani sana na dakika 60. Mchana taa huwaka manjano, moja baada ya nyingine, kutoka chini kwenda juu. Magharibi zote huzimika, na ya chini huanza upya kwa buluu. Adhana tumewaachia wenyewe waadhini.

Saa hii haikumrudishia Mama kumbukumbu; bado huuliza jambo moja mara tano. Ila akiamka usiku huzihesabu taa za buluu kwa kidole, akasema, "Bado, wanangu," akarudi kulala.

Wenye wazee majumbani, kabla ya kuwasahihisha, tuwaulize wanachokikumbuka. Mwenyezi Mungu atujaalie subira, na radhi zao.