Lushoto: Mpira Ukitoka Goli la Chini, Ndiyo Basi Tena

Wiki iliyopita nilijitupa Lushoto, na nikwambie mapema, sikwenda kuponda raha. Nilikwenda kumwona binamu yangu anayesomea ualimu katika chuo kidogo cha kanisa huko juu. Jina la chuo naliacha, maana sitaki apate noma.

Unashuka Mombo na joto lako la Dar, unapanda kigari, mnaanza kuzunguka kona kilomita 33 hivi. Stori zinakatika, kila abiria na Mungu wake. Halafu baridi inaanza, unaikumbuka sweta uliyoiacha kitandani. Wajerumani waliupenda mji huu wakauita Wilhelmstal, na kwa hewa ile siwalaumu.

Chuo kimekaa mgongoni mwa mlima, kizuri ile mbaya. Tatizo ni kwamba kila kitu kimeinama. Uwanja wa mpira una goli la juu na goli la chini. Shuti likipita goli la chini, mpira unateremka hadi kwenye kabichi za watu, na mwenye kabichi keshachoka nao. Jioni ile mechi ilisimama mara nne. Mara ya tano mpira haukurudi, watu wakaenda kuoga.

Na akina dada?

"Sisi tunasubiri wavulana wamalize, kaka," binamu akaniambia. "Na wakimaliza ni giza."

Netiboli yao wanachezea kwenye pete iliyopigiliwa mtini. Wanaokuja kuwafundisha watoto wetu michezo ndio hao!

Sanaa nayo hoi. Kwaya inafanyia mazoezi bwaloni, sahani zikishaondolewa, soprano wakinusa maharage. Ngoma zinalala stoo na magunia, na moja panya wameshaitoboa.

Sasa waliowahi kusoma pale wamechanga fedha, na ubishi umeanza. Wapo wanaotaka ukumbi, wapo wanaotaka uwanja. Mzee mmoja wa kanisa hataki chochote.

"Mwanangu," aliniambia, "chuo cha Mungu hakikujengwa kwa ajili ya ngoma na mpira."

Nikamjibu kwa adabu. Chuo cha theolojia cha Kilutheri kilianzia milima hii hii, pale Lwandai, mwaka 1947, kikahamia Makumira, Arusha, mwaka 1954. Mwanafunzi wake mmoja, Bernard Kyamanywa, ndiye aliyeandika Mfurahini Haleluya mwaka 1966, wimbo ambao Pasaka hata Wajerumani wanauimba kwa lugha yao. Baadaye chuo hicho kikaanzisha hadi shahada ya muziki.

Mzee akatabasamu. "Na huyo Kyamanywa aliuandika kwa kalamu, si kwa ukumbi."

Hapo alinipata, nakiri. Lakini kalamu haitoshi kumfundisha mtu kudaka mpira.

Aliyenifumbua macho ni binamu. Uwanja wa soka unataka urefu wa mita 90 kwenda juu. Kuupata pale ni kuchonga mlima, na masika yakija udongo wote unamfuata mwenye kabichi. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25 tu. Sawazisha hapo, mwaga zege, simamisha nguzo, ezeka bati. Mchana netiboli, usiku kwaya na maigizo. Hata wavu unaingia, maana ni mita 18 kwa 9.

Wavulana waliposikia walinuna. Wanune tu, wao wameshacheza miaka yote.

Kikao cha kamati ni mwezi ujao, na binamu ameomba nafasi ya kusema. Mpaka sasa vipimo vyake ni vya hatua za miguu, hivyo kaniagiza futi ya kupimia, ile ndefu ya mafundi. Nimeshainunua Kariakoo. Kesho naikabidhi kwa kondakta wa basi la Lushoto.