Nilikataa Yunivasiti Yenye Jina Nikaenda "Chuo cha Sanaa" Kusomea Uchumi

Wadau, majibu ya vyuo yalinikuta nimekaa juu ya belo la mitumba pale Memorial, nalinda meza ya mama wakati yeye kaenda kula. Mwisho wa Machi 2018, masika imekolea, matope mpaka kwenye vidole, na bando langu limebaki la kufungulia barua pepe tu. Ndani ya wiki hiyo moja nilikubaliwa sehemu mbili Marekani.

Ya kwanza ilikuwa yunivasiti kubwa, ile ambayo jina lake lipo kwenye masweta. Na simaanishi masweta ya kwenye picha, namaanisha haya haya tunayouza. Nishawahi kuuza sweta la chuo hicho kwa buku tano, jamaa akaenda kupigia nalo picha Rau River. Ya pili ilikuwa kolegi ndogo, wanafunzi hawafiki elfu mbili, kwenye mji ambao hata ramani ya simu ilichukua muda kuuonyesha. Miaka yote ya mama kufungua mabelo, sweta la chuo hicho halikuwahi kutoka hata moja.

Sasa nyie mnaijua Njoro. Jioni nikiwa bado sijamaliza kumwelezea mama, Mangi wa duka la kona keshajua. Ile yunivasiti kila mtu aliishangilia. Ile nyingine wakaniangalia kama mtu aliyefeli kidogo. "Kolegi? Si ndo kama vyuo vya diploma?" Aisee, ukweli ni kwamba hapa kwetu neno hilo limeshakaa hivyo: yunivasiti ni juu, kolegi ni chini. Kule si lazima iwe hivyo. Kuna kolegi zinazotoa shahada kamili ya miaka minne, hazina wanafunzi wa udaktari, na profesa mwenyewe ndiye anayekufundisha na kukusahihishia kazi.

Balaa lilikuja nilipojaribu kutafsiri aina ya chuo. Nikasema ni chuo cha sanaa huria. Mama akaweka kikombe chini. "Sanaa? Mtoto, umesoma HGE uende kuimba? Si ungeenda Bagamoyo basi, nauli yake naiweza." Jirani akaongezea kwamba kama ni uchumi, Ushirika pale naenda kwa miguu na nyumbani nakula.

Nilichomwambia mama ni hiki. Sanaa huria maana yake unasoma uchumi kama fani yako, lakini unalazimika kugusa hesabu, historia, falsafa, sayansi, hata lugha. Mwalimu Nyerere mwenyewe shahada aliyotoka nayo Edinburgh mwaka 1952 ilikuwa ya sanaa, na humo ndani alisoma uchumi, historia na falsafa kwa pamoja. Kofi Annan, kabla hajawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alimaliza shahada ya uchumi mwaka 1961 kwenye kolegi ndogo ya Minnesota inayoitwa Macalester. Mama akasema hao sawa, lakini mwanamuziki mmoja kwenye ukoo anatosha. (Tunaye kweli. Tuachane naye.)

Ishu yenyewe ilikuwa hela. Yunivasiti ya masweta gharama yake kwa mwaka ilikuwa dola 47,000, ikanipa ufadhili wa dola 24,000. Kwa macho ya kitaa hiyo ni zali. Kilichobaki ni dola 23,000, na kwa dola ya mwaka ule, kama 2,250 hivi, hiyo ni milioni 51 na laki saba na nusu. Kwa mwaka mmoja. Mama akiuza vizuri sana siku ya gulio anarudi na elfu arobaini, na humo bado hajatoa mtaji.

Jumapili yake baba mdogo akashuka kutoka Kibosho. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Mwanangu, upande wa chini wa kihamba, kule kwenye kahawa za babu, kuna mtu ananiulizia. Tukiuza tunapata mwaka wako wa kwanza. Huo mwingine Mungu atajua."

Kwa wasiotoka huku: kihamba si shamba tu. Ndo nyumbani kwenyewe, migomba na kahawa, na wazee wetu wamelala humo humo. Mtu akiuza kihamba anasemwa vizazi viwili. Na mimi ni mtoto wa kike, ambaye kwa mila za huku kihamba hata si changu kurithi, na huyu mzee yuko tayari kukikata kwa ajili yangu. Nililia. Na nikiri tu, usiku ule nilikuwa nimeshaamua kukubali. Nililiona lile sweta mwilini mwangu kabisa.

Kulikuwa na broo mmoja wa kwenye Insta, simtaji, wengine mnamjua, yule wa kupiga picha na koti la manyoya. Alinichaji laki nne "kunisimamia". Ushauri wake wote ulikuwa huo: chukua jina, hela itapatikana ukifika. Nikamuuliza itapatikanaje. Akasema utafanya kazi. Nilipoenda kusoma mwenyewe nikakuta mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa saa 20 kwa wiki, hapo hapo chuoni, muda wa masomo. Piga hesabu utakavyo, saa 20 za kufuta meza hazitoi dola 23,000. Nilipomuuliza tena, akanibloku.

Kilichoniokoa ni kusoma barua zote mbili neno kwa neno. Ya yunivasiti ilisema ufadhili ni dola 24,000 kila mwaka, kiasi hicho hicho, wakati ada yenyewe hupanda karibu kila mwaka. Maana yake pengo lingekuwa linakua huku kihamba kinaisha. Ya kolegi ilisema watalipia mahitaji yangu yote kwa miaka minne. Gharama yao ilikuwa kubwa zaidi, dola 68,000, yaani chuo ambacho hakuna aliyekijua ndicho kilichokuwa ghali. Ila mimi nilibakiziwa dola 1,100, kama milioni mbili na nusu, na kazi ya maktaba pale chuoni ingezifuta.

Kwa hiyo mdogo wangu unayesoma hii uko Form Six, swali la kwanza usiulize chuo kina jina gani. Uliza kinawafanyia nini wageni wasio na hela. Vipo vichache vinavyochagua waombaji wa nje bila kuangalia mfuko wao kabisa, kama Amherst, na Bowdoin ikajiunga nao mwaka 2022. Vingi vinaangalia mfuko, lakini vikishakuchukua vinalipa pengo lote. Vingine vinakupa nusu na pongezi. Berea, kule Kentucky, hakuna anayelipa ada ya masomo, ila kila mwanafunzi anafanya kazi. Kwa waliosoma UWC pale Lema Road kuna mfuko wa Davis unaowasaidia kwenye vyuo vingi vya Marekani. Mimi geti lao nilikuwa naliona kwa nje tu, kwa hiyo nilipita njia ya vumbi: intaneti ya stendi, mtihani wa SAT Dar, nalala kwa shangazi, na barua ya mtendaji yenye muhuri kuthibitisha kipato cha mama, kwa sababu muuza mitumba hana hati ya mshahara.

Swali la pili ndo la uchumi wenyewe, na hapa watu wanapigwa sana. Fungua orodha ya masomo ya idara, usiishie kwenye picha za majani ya rangi rangi. Kuna walimu wangapi wa uchumi? Ekonometriki ipo? Nadharia ya ngazi ya kati inafundishwa kwa kalkulasi au kwa maneno matupu? Mimi wa HGE na BAM nilienda nikidhani najua hesabu. Wiki ya pili nilikuwa chooni nalia. Tofauti ni kwamba darasa lilikuwa la watu 14, profesa akaona kiti changu kitupu, akanitumia ujumbe niende ofisini kwake. Kwenye ukumbi wa watu mia tatu nani angejua?

Kingine kidogo lakini kina uzito: uliza uchumi wao umesajiliwaje. Wakati wangu, mwenye viza ya F-1 akimaliza aliruhusiwa kufanya kazi ya fani yake miezi 12, na kama shahada imesajiliwa kama uchumi wa ekonometriki, aliweza kuomba miezi 24 zaidi. Uchumi wa kawaida haukuwa na nyongeza hiyo. Mambo ya viza yanabadilika kila mara, kwa hiyo usiniamini mimi, soma kwenye tovuti ya ubalozi.

Muhula wa kwanza profesa alitufundisha makala ya George Akerlof ya mwaka 1970, kuhusu soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anajua ubovu wa gari, mnunuzi hajui, basi soko zima linaharibika. Wenzangu wakawa wanaandika kimya. Mimi nikanyoosha mkono nikaeleza belo: limefungwa, limebandikwa daraja la kwanza, umelipa laki tatu, ukikata kamba unakuta soksi za upande mmoja. Profesa akasema niende ubaoni. Nikamchora mama na meza yake. Kazi yangu ya mwisho ya shahada, 2022, ilikuwa juu ya bei za mabelo ya Memorial.

Nilirudi Desemba ile. Baba mdogo akanipeleka upande wa chini wa kihamba. Kahawa zipo, zingine kazipanda upya, na yule mtu aliyekuwa anaulizia keshanunua kwa jirani na kajenga ukuta. Tukasimama pale. "Hivi kile chuo kinaitwaje tena?" Nikamtajia. Akajaribu kulitamka mara mbili, akaliacha, akaniambia nishike ndoo, ng'ombe hajapewa maji.