Kompyuta ya Marehemu Baba Ilipokosa Lugha

Mpenzi msomaji, je, kwenu pia kuna kompyuta kuukuu ambayo hakuna anayethubutu kuitupa? Yetu iko kwa mama, Thika, imefunikwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Humo ndimo marehemu baba alimoandika historia ya ukoo wetu, jioni baada ya jioni, kwa vidole viwili tu.

Disemba iliyopita niliiwasha, nikasikia diski yake ikikwaruza kama mtu anayetafuna mchele wenye mawe. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Matundu ya flashi yalikufa zamani, na mama hakutaka kabisa kusikia habari za fundi kuifungua.

"Mnataka nimzike baba yenu mara ya pili?" akaniuliza. Ningemjibu nini?

Nikanunua waya wa mtandao, nikaiunganisha na laptopu yangu. Folda ya baba nikaifungulia ruhusa, jina la kikundi nikaliandika sawa pande zote mbili. Wapi! Laptopu ilijifanya haimwoni jirani yake.

Nilimpigia simu mwenzangu wa kazini ajuaye mambo haya, naye akacheka. Kompyuta ya baba hutumia Windows XP, iliyotoka 2001, na katika kupeana faili inajua lugha moja tu, SMB1. Ni kupitia kasoro ya lugha hiyo ndipo kirusi WannaCry kilipoenea Mei 2017, kikavuruga hata hospitali za Uingereza. Tangu mwaka huo, Windows mpya zimekuwa zikiiweka kando. Kumbe hapakuwa na ugomvi: mtoto alikatazwa kumfungulia mgeni mlango, na mgeni mwenyewe ni babu yake!

Alinielekeza hivi. Kwanza intaneti izimwe kabisa. Kisha, kwenye orodha ya vipengele vya Windows katika laptopu, nitie alama kwenye SMB1 upande wa mpokeaji, niizime na kuiwasha tena, ninakili, halafu niiondoe alama hiyo usiku uo huo. Hapo pa mwisho, msomaji wangu, usipapuuze. Wengi wakishapata faili zao huacha mlango wazi.

Saa nne usiku faili zikaanza kuhama, polepole mno. Mama aliketi kando na kikombe cha chai kilichopoa, haongei. Nilipoifungua ya kwanza kwenye laptopu, alivaa miwani, akasoma ukurasa mzima kimya.

"Na kule kwenye yake, bado yapo?"

Nikamwonyesha. Akaizima, akaifunika kitambaa chake.